Nusu Mbili za Jiwe Moja

Jiwe lilitoka Umba ndani ya kopo la maziwa ya unga,
limefungwa kitambaa, kitambaa kimefungwa uzi,
na mjomba Kaniki akalikata kwa msumeno wa maji
hapo hapo Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani,
mafundi baiskeli wakigonga nyundo nyuma ya ukuta.

"Nusu hii nenda nayo mbichi," akasema.
"Hii nyingine ipite kwangu kwanza."

Kwake ni tanuri la kimo cha mtungi,
na kipuliza hewa alichokifumua kwenye gari bovu.
Saa kumi na nane hafumbi jicho.
Kipimajoto hana. Hupima kwa rangi ya tundu:
nyekundu bado mtoto, chungwa anabalehe,
ikifika weupe wa tui la kwanza
usimsemeshe. Anahesabu.

Siku nne baadaye nilizilaza ubavu kwa ubavu
katika maabara yetu ya Chumbageni,
nikafunga chemba, nikangoja pampu
inyonye pumzi ya mwisho.
Hadubini hii haioni kwa mwanga.
Hunyesha elektroni, mvua isiyolowesha,
na fuwele ikipigwa hujibu kwa rangi iliyonayo.

Ile mbichi ikajibu buluu.
Buluu ya mabaka, kanga iliyochujuka,
maana ndani ya oksidi mlikuwa na viti vitupu:
siku ya kuumbwa, oksijeni haikutosha wageni,
na elektroni zisizo na kwao
zikakalia nafasi zisizo zao.

Ile iliyopikwa –
nilisogeza kiti.
Moto ulikuwa umeingiza hewa hadi mbavuni mwa jiwe,
umejaza viti, kimoja, kimoja, bila haraka.
Buluu imekwisha.
Na chembe za kromi, chache,
chumvi ya kubana kwa vidole viwili kwenye pishi la mchele,
zikawaka nyekundu
hata uso wangu ukapakwa na kioo cha kompyuta.
Mistari ya kukua kwake ikajitokeza,
pembe sita ndani ya pembe sita,
na ufa wa zamani ulioungwa na joto,
umeacha kovu la vipovu.

Nikampelekea picha.
Alizitazama, kisha akapandisha miwani
akazitazama tena bila miwani.
"Kwa hiyo inaonekana."
"Inaonekana, mjomba."
"Kila moja?"
"Kila moja niliyowahi kuipima."

Nyundo za baiskeli zikakoma, kwa bahati tu.
Nilijua anawaza kijiwe cha Juni,
alichomwapia mnunuzi wa Arusha
kuwa hakijaona jiko tangu kiumbwe.

Hakuniomba nifiche. Aliuliza:
"Ukizima mashine, ule wekundu unabaki?"
"Haubaki. Elfu chache za sekunde, basi."
"Mm." Akasugua kidole chenye kovu la kibano.
"Wangu una miezi minane na bado haujazimika."

Akageuza picha, akatafuta kalamu,
ya kwanza imekauka, ya pili imekauka,
ya tatu akaipasha juu ya kibiriti ikakubali.
Nyuma, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto,
akaandika *Limepikwa*,
na tarehe ya Juni,
na namba ya simu ya Arusha.

Kisha akaenda kuwasha tanuri.