Kila wa Saba

Wamenilipa dola mia na themanini
nisimame hatua thelathini kutoka mlangoni
mwa ukumbi wa michezo wa shule ya msingi,
Orangeburg, Karolina ya Kusini, Jumamosi ya mchujo,
Februari ikinitafuna vidole.
Kazi yenyewe: hesabu wanaotoka.
Wa kwanza hadi wa sita, waache waende zao.
Wa saba, mpe tabasamu, kalamu na dodoso.

Dodoso ni visanduku vitupu.
Umri. Jinsia. Rangi. Shule uliishia wapi.
Kanisani huenda mara ngapi.
Mshahara, hata kwa kukadiria.
Na chini kabisa, baada ya kuvuliwa yote hayo:
umempa nani?

Saa moja na robo, Bi Vernelle Gadsden,
miaka sabini na mmoja,
thelathini na minne kati yake akifua mashuka ya hospitali.
Mweusi, tiki. Kanisani? Akacheka.
"Weka Jumapili, mwanangu, na Jumatano usiisahau."
Kura kampa Gavana Tolliver.
Ningeijaza hata angekuwa bubu;
mabingwa wa takwimu walishampigia tangu Novemba.
Ila aliinama kufunga kamba ya kiatu,
akasema, kama anayekiambia kiatu:
"Alikuja kumzika kaka yangu. Hakuleta kamera.
Alikula wali wetu, akaosha sahani yake."

Nikatafuta kisanduku cha sahani.

Mjukuu wake, Ellis, alikuwa wa nane.
Sheria ni sheria, nikampisha.
Akashusha kioo cha gari mwenyewe:
"Mimi Lindqvist. Nina deni la chuo refu kuliko mimi.
Tumetoka nyumba moja, gari moja, petroli moja,
tumekuja hapa kufutana."
Bibi akampiga kikofi begani. Wakaondoka wakibishana
wapi wanywe chai.

Halafu Harlan Stoudemire, mkulima wa mipichi,
mweupe, hamsini na minane, digrii hana,
kofia ameivuta hadi kwenye nyusi.
"Chama hiki si changu," akasema.
"Nimekuja kuwachagulia mtu dhaifu, tumle Novemba."
Akajaza. Akakunja. Akarudi nyuma hatua mbili.
"Kumbe mkono umempa yule mama wa bima ya afya.
Usije ukamwambia mke wangu."
Akatazama lori lake.
"Mke wangu ndiye mgonjwa."

Marivic Abalos alitoka zamu ya usiku, bado na sare ya uuguzi.
Akajaza vyote kwa mwandiko wa cheti,
cha mwisho akakiacha cheupe.
"Hicho changu," akasema, akanirudishia kalamu.

Usiku, kwenye runinga, ramani ikapakwa rangi.
Mwanamume wa tai nyekundu akagusa kioo:
wanawake weusi waliovuka sitini, Tolliver, asilimia sabini na nane.
Chini ya thelathini, Lindqvist.
Weupe wasio na digrii, wamegawanyika.
Akasema "wao" mara kumi na moja. Nilihesabu;
siku nzima nilikuwa nahesabu, sikujua kuacha.

Sibishi. Hakukosea hata nukta.
Maji hufuata mkondo.
Ila mkondo nao ulichimbwa:
benki iliyomfukuza baba wa nani,
nani alisimama kaburini kwa nani,
barabara ya lami ikakomea mlango wa nani.
Waliochimbiwa pamoja hutiririka pamoja,
kisha mtu mwenye tai husema ni maumbile ya maji.

Na yule mkulima, amemweka wapi?
Kwenye desimali, nadhani,
wanapokata ili namba ikae vizuri.

Mimi nilipiga kura saa saba mchana, badala ya kula.
Nikatoka mlango uleule, nikajihesabu:
wa nne.
Nikajiacha niende zangu.