Mashine Tisa za Kusumben

Leicester, Januari, saa nne usiku.
Vioo vya duka la kufulia vinatoka jasho.
Kusumben, mzaliwa wa Mwanza,
anahesabu sarafu kwa Kiswahili;
kwa Kiingereza, anasema, fedha humponyoka.

"Wewe kijana, huko chuoni unasoma nini hasa?"

Nasoma Zohali, mama.
Nasoma maji yanayofuka kutoka mwezi wake mmoja mdogo,
yakavunjwavunjwa,
yakawa chembe zenye chaji, moto, zisizotulia,
kila moja ikizunguka uzi wake wa sumaku
kama soksi humo ndani.

"Zinakwenda wapi?"

Haziendi kokote. Hapo ndipo penye fumbo.
Tazama mashine zako, zote zageuka upande mmoja:
ubavu wa hii unashuka,
ubavu wa jirani yake unapanda,
huyu anaandika, mwenzake anafuta,
katikati ya safu hakuna habari.
Lakini nenda pale mwisho, namba tisa, karibu na ukuta.
Ubavu wake wa nje hauna wa kuufuta.
Pale pana mkondo.
Hakuna aliyesafiri, na mkondo upo.

Shinikizo likiwa sawa pande zote, umeme hulala.
Penye mteremko, huku tele, kule haba,
huamka,
ukaivisha sayari nzima mkufu,
ukausukuma uga wa sumaku nje, ukafura
kama shuka lililoshika upepo kambani.
Na mteremko ukienda kombo
sehemu ya mkondo huteleza kwenye nyuzi
hadi nchani, ikawasha anga.

Hayo ni ya ubaoni.
Hesabu zangu hazijafunga tangu Septemba.

Kusumben akainuka, akaipiga kofi namba sita.
"Na hii? Imekufa tangu Jumanne.
Hapa katikati pako, kuna habari au hakuna?"

Nikaitazama: kimya, mlango wazi, kinywa kikavu.
Kushoto tano, kulia saba,
kila moja na ubavu usiofutwa.

Kumbe hata huku ndani.
Hata kuzunguka tundu.

Nami miezi yote hii nayaziba matundu kwenye data,
moja moja, kwa uangalifu,
nikidhani ni makosa ya chombo.

"Nguo zako zimekwisha."

Nikaomba karatasi. Akanipa risiti ya sabuni.
Nikaandika mgongoni mwake, nikaomba nyingine.
Mashati yakabaki humo, mabichi.