Usisimame Unapobonyeza

Swichi ina alama nne: sifuri, moja, mbili, tatu.
Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kijapani,
na aliyeniuzia lenzi, nyuma ya soko la samaki la Batumi,
alijua bei tu.

Kwa hiyo Septemba nzima nilipanda kilimani na moja.
Moja inamfaa aliyetua:
kozi juu ya nguzo ya umeme
akimchambua panya bila haraka.
Ukiweka sikio kwenye bomba la lenzi
unasikia vioo vikihangaika,
mvumo wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kibiriti,
vikisahihisha pumzi yangu, moyo wangu, kahawa ya asubuhi.

Lakini vipanga hawatui.
Wanashuka kutoka kaskazini, bahari kulia, milima kushoto,
wamebanwa kama nafaka kwenye shingo ya mtungi,
elfu tatu kabla ya chakula cha mchana,
na kila nilipomfuata mmoja
nilipata ukungu wenye mbawa.
Mimi huku, lenzi kule.
Ilidhani nia yangu ni tetemeko.

Mjomba Nuri alikuwa ameketi juu ya kreti la machenza.
Hajawahi kumiliki kamera. Bunduki, ndiyo:
ya mitutu miwili, iliyoning'inia juu ya jiko
hadi ilipobadilishwa kwa mashine ya kufulia.
Kijiji kizima kilikula vipanga.
Hatusemi hayo mbele ya wageni
wenye darubini na vidude vya kuhesabia,
lakini supu yake naikumbuka,
nyeusi kidogo, yenye pilipili.

"Unasimama," alisema.
"Nini?"
"Unapobonyeza, unasimama. Nani alikufundisha kusimama?"

Akainuka. Akatanua miguu,
akanyoosha mikono mitupu angani
na kumfuata ndege kutoka kiunoni, si mabegani,
polepole, kama mlango mzito unaojifunga wenyewe.
Kidole kikakunjika, na mikono ikaendelea kwenda,
ikaendelea hata baada ya kipanga
kuupita mnara wa msikiti kule bondeni.
"Ndege hakusubiri. Ukisimama, umempiga jana."

Nikasukuma swichi hadi mbili.
Mbili inajua kuna mwendo wa makusudi:
inatuliza kupanda na kushuka,
njia ya pembeni inakuachia mwenyewe.
(Tatu hulala mpaka kidole kishuke, ndipo huzinduka;
hiyo ni ya mbayuwayu, na ya wenye macho kuliko mimi.
Sifuri ni ya kamera iliyofungwa kwenye miguu mitatu ya chuma,
siku upepo ukikubali.)

Nilimpa kamera. Hakuuliza lolote
ila: "Risasi zimebaki ngapi?"
"Mia nane na kitu. Inategemea kadi."
Akaitazama bahari kwa muda.
Enzi zile alipanda na kumi na mbili,
zilizojazwa kwa mkono, kila moja na hesabu yake.

Kisha akazunguka.

Kwenye kioo kidogo misonobari ya nyuma
imevutwa ikawa nyuzi,
na katikati ya nyuzi, mwewe mla-nyigu,
jicho la njano, kila unyoya wa bawa peke yake,
mkia umekatwa na ukingo wa picha.
"Mkia umeukosa," nikasema.
"Mazoea. Nilimtangulia, kama kwa risasi."
Akafuta kitundu cha kuchungulia kwa mkono wa sweta,
akapanua tena miguu.

Nyumbani mkaza mjomba Mzevinari alikuwa akikanda unga wa mahindi.
Hakugeuka. Aliuliza kama alivyouliza miaka ile:
"Wangapi?"
"Kumi na mmoja," mjomba akasema, akivua viatu.
"Usiku huu wanalala Uturuki."