Kipimo cha Kichwa

Kichwa cha Lachlan Moncrieff: inchi ishirini na tatu na nusu.
Nimeandika kwa penseli ukutani, nyuma ya cherehani,
juu ya kipimo cha marehemu Farquhar, chini ya cha yule
aliyekimbilia Kanada na mke wa mpiga fidla.
Taji ni lile lile. Bati, na dhahabu ya kopo
ninayoipaka upya kila Oktoba,
na sufu kwa ndani, lisiume paji la uso.

Mchezo wenyewe hatuutaji jina humu; ni mwiko.
Aponyokwaye na ulimi hutolewa nje, alizunguke jengo mara tatu
katika mvua ya Dundee, ndipo abishe hodi.
Yatosha kusema: yumo jemadari,
kimo kiti,
na kiti kina mwenyewe.

Miaka minne Torquil Rennie amekuwa mbadala.
Kazi ya mbadala ni kujua kila neno
na kutolisema.
Husimama gizani kando ya pazia, midomo ikicheza,
kama muumini asiyejaliwa sauti.
Mimi ndiye niliyemlisha: mkate wa shayiri, chai,
samaki wa moshi kila Ijumaa.
Mama yake alisokota juti kiwandani na dada yangu;
vumbi lile likawamaliza wote wawili.
Nilitaka mmoja wetu asimame kwenye mwanga.
Kutaka si dhambi, nilijiambia,
nikitunga uzi.

Jumatatu alikuja, kofia mkononi.
"Effie, hebu nilijaribu."
Taji likamshuka hadi masikioni. Tulicheka.
Kisha yeye akaacha kucheka,
akajitazama kiooni kuliko kunavyohitajika kutazama taji.
"Sufu kidogo tu," alisema,
si kwangu. Kwa yule wa kiooni.

Alipoondoka nilichukua mkasi.

Jumanne Moncrieff alijishika kichwa: "Nimenenepa, Effie?"
"Ni baridi, bwana. Bati husinyaa."
Akanishukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru.

Sasa ngazi. Ngazi ya ngome, ya mbao, vidato tisa.
Cha saba kililegea, na seremala yu kitandani na homa.
Torquil alipopanda kufanya mazoezi peke yake
alikiruka, mguu mwepesi, bila kukitazama.
Nilimwona akikiruka.
Nami nikapita na kapu langu la nguo,
nikakiruka.

Mpanda ngazi hushuka, husema watu.
Hawasemi ni wangapi
waliosimama chini wakihesabu vidato.

Jumatano, sehemu ya pili, Moncrieff alipanda
na jambia la mbao, sauti ikifika hadi viti vya bei ya chini.
Watazamaji mia tatu walidhani kishindo kile ni cha mchezo.
Wakapiga makofi.
Nyonga, alisema daktari. Umri, alisema.
Taji halikumtoka. Nililivua mwenyewe,
nikipiga magoti, polepole, kama anayemenya kitu kibichi.
Liliacha mstari mwekundu kwenye paji.
"Samahani kwa usumbufu," aliniambia.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Na nguo, tangu ujana wangu, nashona mimi.

Alhamisi Torquil alicheza. Sitasema uongo:
alikuwa moto. Nililia nikiwa na pini mdomoni.
Gazeti likasifu anavyoipanda ngazi,
kama mtu asiyeamini mbao chini ya miguu yake.
Likakiita kipaji.
Seremala alishapona, kidato cha saba kina misumari minne mipya.
Torquil bado anakiruka.

Hanywi tena chai kwangu. Ana chumba chenye kitasa,
na Ijumaa samaki anapoa sahanini.
Mbadala mpya ametoka Arbroath, anaitwa Struan,
mwembamba, ana adabu, hubisha hodi kabla ya kuingia.
Midomo yake tayari inacheza gizani.

Leo asubuhi mlango ulifunguka bila hodi.
Torquil, taji mkononi, paji limemwiva.
"Linanibana, Effie. Umeligusa?"

Nilimtazama kupitia kiooni.
Ni baridi, nilimwambia.
Bati husinyaa.