Mshike

Februari, ziwa limefumba mdomo.
Msumeno wa farasi umechora miraba juu yake
kama daftari la hesabu,
na wanaume wa Sorvik wanang'oa vipande,
kila kimoja kizito kuliko ndama.
Halvor, kaka yangu, huvuta viwili kwa mpigo.
Hulipwa kimoja.
Humwita Fahali, wakacheka,
naye hucheka kwa kuwa wamecheka.
Ana miaka thelathini na mmoja na bado huhesabu
hadi sita, kisha huanza tena moja.

Nataka kwanza niseme habari ya kidole.
Siku tuliyomzika mama
udongo ulikuwa mgumu hata ukawashiwa moto kabla ya sururu.
Halvor alinishika mkono. Alinishika kwa huzuni,
na huzuni yake ilikuwa na nguvu za watu watatu.
Kidole changu cha pete kikalia kama kijiti kikavu.
Sikupiga kelele; mchungaji alikuwa bado anaomba.
Kwa daktari Lindqvist nilisema: mlango.
Akaandika mlango.
Mlango umebeba hatia ile miaka minne.

Orrin, mwana wa msimamizi, alikuwa na miaka tisa
na viatu vipya vya kutelezea.
Alikata njia pale tulipong'oa jana,
pale maji yalipojifunika ngozi ya usiku mmoja.
Hakupiga yowe.

Halvor alifika kabla ya kamba, kabla ya ngazi,
akalala kifudifudi, mkono mzima majini,
nami niliyekuwa nikigawa kahawa nikapaza sauti:
Mshike, Halvor! Mshike, usimwachie!

Akamshika.
Akamtoa kama mtu atoavyo ndoo kisimani.
Mtoto akakohoa. Niliapa hivyo mahakamani, naapa na hapa:
alikohoa mara mbili, akatafuta pumzi, akaipata.
Nikasema tena mshike, nikiwaza baridi,
nikiwaza kifua kile, kipana, cha moto kama jiko.
Kisha wakaja mbio, makelele, kulabu mikononi,
na Halvor, ambaye kelele zimemtisha tangu utotoni,
akafanya alichoambiwa.
Akamshika.

Nilisema mwachie. Mara ngapi, sijui.
Kwake neno ni moja tu,
likiingia hufunga mlango nyuma yake.

Nettie, mama wa mtoto, aliniuliza jambo moja:
Alilia?
Nikasema: Alikohoa.
Akaitika kwa kichwa, kana kwamba nimemrudishia chenji sahihi,
akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jaji aliuliza habari ya kusudi.
Hapakuwa na kusudi, hilo hakuna aliyebisha.
Hata msimamizi alisema hakuna,
akasema akitazama kofia yake.
Na mzee mmoja wa kanisa, ili kunifariji:
Ajali haina kinga, binti.
Ilikuwa nayo.
Ilikuwa imesimama pale pale na birika la kahawa,
ina kidole kimoja kilichopinda,
na ilikuwa inajua.

Hospitali ya jimbo ni saa tano kwa treni.
Wamempunguza nywele. Wamempunguza na mwili.
Hukaa na mikono yake chini ya mapaja, ameikalia,
kama mtu anayefunika kisima watoto wasitumbukie.
Hakuna aliyemfundisha hivyo. Wahudumu wanasema
chakula hukiinamia, hula bila kuitoa.

Mwezi uliopita niliweka mkono wangu mezani, katikati yetu,
kiganja chini. Sikusema kitu.
Alikitazama kidole kwa muda mrefu,
akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyetunza siri ya mwenzake:
Mlango?

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu tangu stesheni,
nimelisema kwa sauti hata abiria wa mbele akageuka.
Hapana, Halvor, nikasema. Si mlango.
Na wewe ulinyamaza kwa sababu mimi nilinyamaza.

Akahesabu vidole vyangu kwa macho.
Akafika kile, akasita,
akaanza tena moja.