Meseji ya Tarehe Tano

Simu ililia kabla ya jogoo wa Igombe.
Nyanzobe akasoma mara tatu, akatafuta
mahali pa kutia dole gumba:
hakuna fomu. Hakuna mjumbe. Hakuna "kwa nini?"

Hata Mzee Lubango, mwenye ghorofa Kapripointi,
amepata ileile, shilingi kwa shilingi.
"Na yeye ana njaa?" akacheka peke yake.

Mchana wingu likatanda juu ya chanja za dagaa.
Mchuuzi akaja na bei ya chakula cha kuku,
gunia tayari limeachama.

Nyanzobe akakung'uta turubai, akafunika.
"Kesho jua litatoka."

Neno hilo, kesho:
miaka yote hakuwahi kuwa na pesa
ya kulitamka.