Jina la Kumi na Mbili

Mlima huu hauna lami. Una majivu tu,
wanayoyamwaga watu juu ya barafu wasiteleze,
nami naupanda kila asubuhi jua likichelewa kutoka,
vidonge vya Gankhuyag vimo ndani ya koti, kifuani,
visipate baridi. (Najua havigandi. Mazoea.)

Mitaa hii ya juu ya Ulan Bator, moshi haupai.
Unakaa, mzito, wa makaa ya mawe,
na kila mtu anakohoa.
Kazi yangu ni kusikiliza kikohozi kimoja ndani ya vikohozi:
kile kilichopita wiki mbili,
kile kinachoamka usiku shati limelowa.

Gankhuyag ni mchomeleaji. Hema lake la manyoya ya kondoo
lina mlango wa rangi ya chungwa na mbwa asiyenipenda.
Mwezi wa pili alinenepa. Wa tatu akarudi karakana.
Wa nne akaniambia, "Dada Sarangoo, nimepona,
hivi wape wagonjwa."
Nikamimina maji kikombeni, nikangoja.
Mkewe akakoroga chai ya chumvi. Nikangoja.
Akameza.
Mdudu huyu si mjinga:
ukimpiga nusunusu, hurudi na ngao.

Daftari langu lina jina lake juu,
na chini yake wote walioivuta pumzi yake:
mke, mama mkwe, watoto wawili,
mafundi sita, jirani wa upande wa kisima.
Kumi na mmoja. Wote nimewapima,
makohozi, picha za kifua;
kitindamimba anatumia dawa ya kinga, anaitema, tunarudia.
Na bado hesabu inanikatalia.
Hakuna kati yao aliyeugua kabla yake.
Basi yeye alipewa na nani?

"Ijumaa usiku ulikuwa unashinda wapi?"
Kimya. Kaa likapasuka jikoni.
"Mimi si polisi," nikamwambia. "Wala si mama mkwe wako."
Mama mkwe akacheka. Kisha akanyanyua dumu tupu,
akamshika binti yake mkono: twende maji.
Sijawahi kumshukuru yule bibi kwa dumu lile.

Ndipo aliposema, akiitazama mikono yake
yenye makovu ya cheche:
kibanda cha karata, nyuma ya soko la vyuma chakavu.
Hakina dirisha. Mwenyewe anaitwa Luvsandorj,
anakohoa tangu kiangazi, anasema ni sigara.
Hujaa watu ishirini, siku za mshahara zaidi.
"Nadaiwa pale," akasema. "Ndiyo maana."

Nikaandika. Wino uligoma kwa baridi,
nikaupumulia ncha ya kalamu, nikaandika tena.

"Vuta kamba," nikamwambia, "fungua tundu la paa."
"Joto litatoka!"
"Dakika kumi. Watoto nao wapumue."
Akavuta, akinung'unika.
Baridi ikadondoka kama gunia,
na kipande cha jua, ukubwa wa sahani,
kikatua kwenye fito za ukuta, juu ya picha ya farasi.

Nashuka sasa na jina la kumi na mbili.
Ndani ya mkoba nina vikopo vinane vya makohozi.
Watu ni ishirini, siku za mshahara zaidi.
Nitaanza na wanane.